Kabla ya kuwahukumu wahakiki wa Bwana Msa

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Makala yenu ya ukurasa wa utamaduni kuhusu riwaya za Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, imezungumzwa sana huku Pemba, na kuchapishwa kwake tu ni jambo la kushukuriwa, maana ukurasa huo mara nyingi humezwa na habari za mpira. Lakini hoja yake kuu haisimami. Mwandishi anasema wahakiki wa zamani walimdharau Muhammed Said Abdulla kwa kuwa hawakuona thamani yake, na kwamba wa leo wamefumbuka macho. Hilo ni jepesi mno. Mhakiki wa mwaka 1975 na wa 2020 hawakushika nakala moja, hawakuulizwa swali moja, wala hawakuwa na vitabu vilevile mezani. Ukiyaacha hayo ukachukua hukumu zao peke yake, utadhani mmoja alikuwa mjinga na mwenziwe ana akili.

Tuanze na nakala. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu, pale penye hati miliki. Hapo kuna maneno mawili ambayo wanafunzi wa skuli, na wakati mwingine walimu wao, huyachanganya: chapa na toleo. Chapa ni kitabu kilekile kurudi mtamboni. Toleo jipya ni kitabu kilichotiwa mkono: kimesahihishwa, kimeongezwa dibaji, pengine kimepangwa upya hata namba za kurasa zikahama. Sasa mwanafunzi huona mwaka wa kwanza unaomjia machoni, tuseme 1974, akaandika kwamba riwaya "iliandikwa 1974", kisha akaipima kwa mambo ya Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa. Akiwa ameshika Mzimu wa Watu wa Kale, amekosea kwa miaka mingi. Riwaya hiyo ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na ikatoka kitabu mwaka 1960. Wakati huo hakuna hata nchi moja ya Afrika Mashariki iliyokuwa imepata uhuru. Kumlaumu mwandishi kwamba hakusema kitu juu ya ujamaa ni kumlaumu mtu aliyeondoka na jahazi la asubuhi kwa kutoiona mvua ya jioni.

Angalia tena miaka ya vitabu vyenyewe. Baada ya Mzimu, Kisima cha Giningi kilikuja 1968. Kati ya hivyo viwili imepita miaka minane, na ndani yake uhuru, Mapinduzi, Muungano na Azimio. Halafu vikaja kwa mfululizo: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne katika miaka minne! Mhakiki wa Dar es Salaam aliyekaa kuandika mwaka 1976 hakumpokea Bwana Msa kama mtu aliyefungua njia. Alimpokea katika furiko, kwenye rafu moja na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyokuwapo tangu 1965, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya 1974. Majalada yanafanana, bastola na maiti zinafanana, na wanunuzi ni walewale wa vituo vya basi. Rafu hiyo ndiyo iliyompa jina la "riwaya pendwa", yaani ya kujiburudisha tu, na jina hilo kwa wakati ule lilikuwa karibu na tusi.

Kisha kuna swali aliloulizwa mhakiki. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 fasihi ilitakiwa ijenge jamii mpya, na uhakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa na mkono mzito wa nadharia za kitabaka: nani anamnyonya nani, na mwandishi anasimama upande gani. Swali hilo si baya. Tatizo ni kwamba liliteremka mpaka darasani likawa karatasi ya mtihani yenye vichwa vyake: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, kisha fani mwishoni kama mchuzi uliobaki. Riwaya ya upelelezi ikiingizwa katika vichwa hivyo inatoka maiti. Ujumbe wake? "Uovu haudumu." Alama mbili, basi.

Utamu wa riwaya ya aina hii uko kwenye msuko, yaani mpangilio wa kutoa habari na kuzizuia. Asiyejua kuupima hawezi kuihakiki, na kuupima si kazi ngumu. Chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza andika kila kidokezo na ukurasa kilipotokea. Ya pili, nani alikifahamu vibaya na kwa sababu gani. Katika vitabu vya Bwana Msa huyu mara nyingi ni Najum, sahibu yake, au Inspekta Seif mwenye haraka ya kutia watu pingu. Ya tatu, ukurasa ambao Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakifafanua. Ukimaliza, jiulize jambo moja: je, msomaji alikuwa na vidokezo vyote kabla ya fumbo kufumbuliwa? Kama ndiyo, mwandishi amecheza kwa haki. Kama kidokezo kikubwa kimetolewa mfukoni katika kurasa za mwisho, amedanganya, na hapo mkosoaji ana neno la kusema. Uhakiki wa zamani haukufanya hesabu hii. Wa sasa, tukisema kweli, unaifanya mara chache, na wengi wanaomsifu leo wanamsifu kwa juu juu kama walivyomlaumu wenzao.

Wapo waliosema Bwana Msa ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, aliyevishwa kanzu. Kiko kipo, rafiki mzito wa kufahamu yupo, polisi anayepitwa yupo. Nasaba hiyo haifichiki. Lakini mtu akiishia hapo amesoma nusu. Tazameni majina mawili ya mwanzo: mzimu, na Giningi. Kwa msomaji wa Nairobi, Giningi ni jina tu la mahali. Kwa mtu wa visiwa hivi ni mji wa wachawi, tena Wapemba ndio tunaosingiziwa kuwa wenyeji wake. Mwandishi aliyezaliwa Makunduchi alijua vyema anachokifanya alipoliweka jina hilo juu ya jalada. Anamwahidi msomaji uchawi, anamtia baridi ya mgongo, kisha anamletea mtu mwenye kiko anayeuliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Mkosi unaodhaniwa wa pepo unageuka kuwa mkono wa binadamu mwenye tamaa. Hilo ni shambulio juu ya namna nzima ya kufikiri, na halina haja ya hotuba. Wahakiki waliotaka fasihi yenye "mwamko" walikuwa nayo mkononi wakaiita ya kupitisha wakati. Hapo nakubaliana na makala yenu kwamba kuna kitu hakikuonekana. Sababu yake, naona, ni kwamba waliokuwa wakihakiki hawakuwa watu wa kutishwa na neno Giningi.

Kuna na mkosi wa mipaka. Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, ilichapishwa Nairobi mwaka 1976. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, nayo imechapishwa Kenya, ilitoka 1980, katikati ya kipindi hicho. Riwaya za Wazanzibari, zenye mikarafuu na madema ndani yake, zikawa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Utengano ikaja kusomwa na kutahiniwa katika skuli za Kenya, na vijana wa huko wakawajua wahusika wake, Maimuna na Bwana Maksuudi, kwa majina kuliko vijana wa Wete. Mtu akikuta maandishi mengi ya Kenya juu ya riwaya hiyo na machache ya kwetu, asikimbilie kusema kwamba nabii hana heshima kwao. Aulize kwanza kitabu kilifika lini dukani.

Mfano ulio wazi kuliko yote juu ya nguvu ya nakala hautoki kwetu, lakini unafaa. Herman Melville, Mmarekani, alitoa riwaya ya nahodha anayemwinda nyangumi mweupe mwaka 1851. London ilitangulia, mwezi wa Oktoba, kwa mchapishaji Richard Bentley, juzuu tatu, kwa jina The Whale. New York ikafuata Novemba, juzuu moja, kwa jina la Moby-Dick. Ile ya London ilitoka bila ya kipande cha mwisho, kifupi tu, kinachoeleza kwamba msimulizi alinusurika kwa kuelea juu ya jeneza. Wahakiki wa London wakauliza, na walikuwa na haki: chombo kimezama na watu wote, sasa anayetusimulia ni nani? Wakamwona mwandishi mzembe. Baadhi ya magazeti ya Marekani yakayachukua maneno ya London kama yalivyo, na ilhali kitabu kilichouzwa kwao kilikuwa na kipande kile. Melville alikufa 1891 akiwa karibu amesahauliwa. Heshima ilianza kumrudia baada ya 1919, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, na leo riwaya hiyo inatajwa miongoni mwa kubwa za Marekani.

Kwetu mambo haya si ya mbali. Kitabu cha kawaida hufungwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa fungu. Gundi au uzi ukichoka, fungu la kwanza na la mwisho ndiyo huanza kuanguka. Ndiyo maana nakala za zamani zinazozunguka, na fotokopi zilizotolewa humo, hazina jalada, hazina hati miliki, na mara nyingine hazina mwisho. Riwaya nyingine unaweza kuifahamu bila kurasa 16 za mwisho. Ya upelelezi ikikosa kurasa hizo hakuna kitu kilichobaki, na mwanafunzi anayesema "mwandishi ameacha mambo yakining'inia" huenda anahukumu gundi.

Sasa lile la vitabu vilivyo mezani. Mfano mzuri kuliko wote katika zama zetu ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa Zanzibar, 1948. Ilitoka Uingereza mwaka 1994 na ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Ina kijana Yusuf, mwenye miaka 12 mwanzoni, ambaye baba yake anamtoa rehani kwa tajiri Aziz ili kulipa deni. Ina msafara wa kwenda bara, na mwisho wake Wajerumani na askari wao wako mlangoni mwa vita vya 1914. Wahakiki wa huko walipoona safari ya kuingia ndani ya Afrika, wengi walichomoa kitabu walichokuwa nacho kabatini, Heart of Darkness cha Joseph Conrad, kinachosimulia safari ya Mzungu kuingia ndani ya Afrika, wakasema Gurnah anamjibu Conrad. Si uongo. Lakini ni mtu aliyealikwa karamuni akashughulika na sahani aliyokuja nayo.

Mweke msomaji wa Kizanzibari mbele ya kitabu hichohicho. Jina Yusuf, uzuri wake unaowatia watu wazimu, ndoto zake. Tajiri anaitwa Aziz, nalo ndilo jina la cheo cha bwana wake Nabii Yusuf katika Qur'ani. Mke wa tajiri ni Zulekha; jina hilo halimo katika Sura, limo katika visa tulivyosimuliwa. Na ile shati: bibi anamshika kijana, kijana anakimbia, shati inachanika kwa nyuma. Aliyepita chuo cha Qur'ani anajua kwamba hapo pana hukumu nzima. Katika Sura ya Yusuf, kuanzia aya ya 25, shahidi anasema kanzu ikichanika kwa mbele mwanamke amesema kweli, ikichanika kwa nyuma ni muongo. Msomaji huyo hahitaji maelezo ya chini kujua nani hana hatia. Wala hahitaji Conrad.

Hakuishia hapo mwandishi. Wataalamu waliokuja baadaye wakaona kwamba msafara ule una asili ya Kiswahili kabisa. Mjerumani Carl Velten alikusanya maelezo ya wasafiri wa pwani na kuyatoa mwaka 1901 kwa jina Safari za Wasuaheli. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, anaeleza safari yake ya bara na jinsi mali yao ilivyochukuliwa na mtemi aitwaye Chata. Katika riwaya ya Gurnah mtemi ni Chatu. Jambo hili linageuza hukumu nzima: kitabu kilichodhaniwa kinamjibu Mzungu kumbe kinazungumza pia na mzee wa pwani aliyesimulia safari yake kwa lugha yetu. Maandishi ya Selemani yalikuwapo miaka yote hiyo. Hayakuwa mezani tu.

Halafu ikaja tarehe 7 Oktoba 2021, Gurnah akatangaziwa tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku ile watu waliokuwa hawajalisikia jina lake walianza kubishana kama ni wetu au si wetu, na ubishi huo ukaitwa mapokezi. Nauita zogo la uraia. Mapokezi yenyewe khasa yalianza 2022, wachapishaji Mkuki na Nyota walipotoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Miaka 28 tangu kutoka kwa Kiingereza! Kabla ya hapo kusema "Wazanzibari hawakumthamini Gurnah" ni kumlaumu mtu kwa kutokula chakula alichowekewa kwa jirani. Na mhakiki anayesoma Peponi ajue kwamba anawahakiki watu wawili kwa pamoja: anaposifu au kulaumu sentensi, hiyo ni ya mfasiri. Msuko, wahusika na ile shati ni vya mwandishi. Asipotenganisha, atampa mmoja sifa ya mwenziwe.

Kasri ya Mwinyi Fuad nitaipitia kwa haraka. Adam Shafi aliitoa 1978, miaka 14 baada ya Mapinduzi inayoyasimulia. Wahakiki wa mwanzo waliisoma kama riwaya ya mnyonge na bwana, na Kijakazi, mtumishi anayemng'ang'ania Fuad hata dunia ilipogeuka, wakamfanya mfano wa mtu asiyezinduka. Wasomaji wa leo, wanawake khasa, wanauliza kwa nini mwanamke huyo awe mfano tu wa kitu kingine. Toleo la Kifaransa la 1986 lilibadilisha hata jina: kasri ikaondoka, ikaja mikarafuu ya Zanzibar. Msomaji wa Paris akaanza na harufu ya karafuu pale sisi tulipoanza na nyumba ya bwana. Tena kuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya bara, ya 1971: ilipigwa marufuku maskulini, baadaye ikafundishwa. Herufi za kitabu ni zilezile, waliobadilika ni wasomaji.

Kwa wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wengine wanaotaka kuandika juu ya mambo haya, njia ni hii, na inachosha. Kwanza tafuta mwaka wa chapa ya kwanza, usiuamini ule wa nakala yako. Kwa kila mhakiki unayemnukuu andika mwaka aliosema, na kitabu cha uhakiki kilichorudiwa nacho kikaguliwe: Outline of Swahili Literature ya Elena Bertoncini ni ya 1989, lakini ile ya 2009 ina waandishi wengine watatu pamoja naye, na ukinukuu ya pili kama ya kwanza umeisogeza hukumu miaka 20. Fuata majarida mawili, liitwalo Kiswahili na liitwalo Mulika, ya taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magazeti ya zamani tafuta Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, na usiende na siku moja tu. Vijitabu vya miongozo ya mtihani visome mwisho, navyo vihesabu kama ushahidi wa mtihani, si wa uhakiki: kitabu kuwekwa katika mtaala hakumaanishi kimesifiwa, na kuondolewa hakumaanishi kimechukiwa, maana orodha hubadilishwa kwa sababu nyingi, ikiwamo upatikanaji wa nakala. Na ukikuta kimya, kiite kimya. Majarida yalikuwa machache, na maneno ya barazani, ambako Bwana Msa alihakikiwa zaidi kuliko popote, hayakuandikwa.

Mwisho, sahihisho. Makala yenu imempa Mohamed Suleiman Mohamed riwaya ya Utengano. Hiyo ni ya Said Ahmed Mohamed. Za Mohamed Suleiman ni Kiu, ya 1972, na Nyota ya Rehema. Wote wawili si Muhammed Said Abdulla, ambaye naye, kwa taarifa yako Mhariri, alikuwa mhariri mwenzio, wa gazeti la Mkulima. Na Said A. M. Khamis anayetajwa chini ya makala kama mhakiki mwingine ndiye huyohuyo Said Ahmed Mohamed. Anatumia jina hilo katika maandishi ya kitaaluma. Nakuomba sahihisho hili lichapwe ukurasa uleule, kwani kuna wanafunzi walioikata makala na kuibandika katika madaftari yao.

Wako,
Msomaji, Wete, Pemba